Felix Wankel: fundi mwenye hakukuwa na permi, na moteri yake yenye kuzunguka

Mu magaraji ya Kolwezi, ya Likasi na hata hapa kwetu Lubudi, kutosha moteri ya gari moja na kuitia mu gari ingine haiko ajabu. Gari inazeeka, moteri inakufa, vipande vya kubadirisha vinakuwa bei ya juu ao havipatikane tena. Basi fundi anatafuta moteri ingine yenye inaweza kuingia chini ya kapo, anapima, anakata chuma, anachomelea, na kisha siku mbili tatu gari inatoka tena mu barabara na moshi yake.

Kuko gari moja ya mbio yenye mafundi wa inchi mingi wanapenda kuifanyia kazi hiyo. Ni Mazda RX-7, yenye ilianza kuuzishwa mwaka 1978. Zile za kwanza zilikuja na moteri inaitwa 12A. Leo wenye kuzichunga wanatosha ile 12A na kutia ndugu yake mukubwa, 13B. Moteri zote mbili haziko na pistoni yenye kupanda na kushuka. Ziko na kitu cha pembe tatu chenye kuzunguka. Wiki hii tunasimulia maisha ya mutu mwenye njo mwanzo wa moteri hiyo, Mujerumani Felix Wankel. Historia yake iko na akili mingi, iko na aibu mingi pia, na inapita karibu na udongo wa Katanga kuliko vile mutu anaweza kuwaza.

Mutoto wa Lahr

Felix Wankel alizaliwa tarehe 13 mwezi wa 8 mwaka 1902, mu muji mudogo wa Lahr, jimbo la Baden, kusini-mangaribi ya Ujerumani. Baba yake, Rudolf, alikuwa afisa wa misitu. Vita Kubwa ya kwanza ilipoanza mwaka 1914, baba alienda na hakurudia. Alikufa ile mwaka ya kwanza ya vita. Felix alikuwa mutoto mumoja tu, akabaki na mama yake, Gerty, na kisha wakahamia muji wa Heidelberg.

Ku masomo hakuenda mbali. Mwaka 1921 aliacha shule bila diploma ya mwisho. Hakuingia inivasite hata siku moja, na hakufundishwa kazi ya ufundi na mukubwa yeyote. Alipata kazi mu nyumba ya kutoa vitabu ku Heidelberg: kupokea vitabu, kuvipanga, kuviuzisha. Kazi ile iliisha mwaka 1926, akabaki bila mushahara.

Macho yake ilikuwa zaifu sana, haikuona mbali. Njo maana maisha yake yote, mutu huyu mwenye jina lake liliandikwa mu historia ya magari hakupata permi ya kuendesha. Wengine walikuwa wanamubeba mu gari.

Lakini tangu alipokuwa kijana wa miaka 17 hivi, alikuwa na wazo moja mu kichwa. Aliwaza moteri yenye iko nusu kama ya kawaida na nusu kama turbini, yenye haitupe nguvu yake ku kupanda na kushuka. Mwaka 1924 yeye na rafiki zake walifungua karakana kidogo mu kiwanja cha nyuma ya nyumba ku Heidelberg. Pale njo alijifunza chuma kwa mikono yake mwenyewe: kukata, kupima, kuharibu na kuanza tena. Mwaka 1929 alipata breve yake ya kwanza juu ya moteri yenye kuzunguka. Ilikuwa bado karatasi tu, lakini wazo lilikuwa limeandikwa.

Kinu na mulini

Kwa mutu mwenye hajaona moteri hii imefunguliwa, tufananishe na vitu vya jikoni. Moteri ya kawaida inafanya kazi kama kinu na mutwango. Pistoni inapanda, inashuka, inapanda tena. Kila mara inapofika juu ao chini, inapaswa kusimama kidogo na kugeuka. Kisha kuko chuma ingine ya kugeuza ule mwendo wa kupanda na kushuka kuwa mwendo wa kuzunguka, kwa sababu gurudumu haitwange, inazunguka.

Ile ya Wankel iko kama mulini ya kusaga mahindi. Ndani kuko rotori, kipande cha chuma cha pembe tatu chenye mbavu zimevimba kidogo. Inazunguka mu nyumba yenye umbo la kibuyu kimelala, kinene huku na huku na kiuno kidogo katikati. Kwa kuzunguka, rotori inagawa ile nyumba mu vyumba vitatu, na kila chumba kinapanuka na kupunguka. Chumba kimoja kinavuta hewa na esanse, kingine kinafinya na kuwasha, kingine kinatosha moshi. Kazi zote zinaendelea saa moja. Rotori ikizunguka mara 1, muti wa katikati wenye kupeleka nguvu unazunguka mara 3. Supape haiko hata moja. Vipande vyenye kutembea ni vichache, moteri ni kidogo na nyepesi, na haitetemeke sana.

Mbona basi watu wote hawaitumie? Shida iko ku zile pembe tatu. Pistoni ya duara inafungwa na segma za duara, na tangu zamani mafundi wanajua kuzitengeneza. Lakini pembe ya rotori inagusa ukuta ku mustari mumoja tu, chembamba kama makali ya kisu. Pale kunawekwa kipande cha kufunga ili pumzi isitoroke. Kinasuguana na ukuta saa yote, mu moto mukali na mafuta kidogo. Kikichoka, nguvu inaisha.

Wankel alielewa jambo hili mbele ya wengine. Wavumbuzi wengi mbele yake waliwaza moteri yenye kuzunguka, na wengi walianguka ku shida ya kufunga. Yeye alianzia pale. Kwa miaka mingi hakutengeneza moteri, alijifunza namna ya kuzuia pumzi isipite kati ya vyuma viwili vyenye kusuguana. Ile ujuzi njo ilimupatia mukate mbele ya moteri yenyewe.

Njia mubaya

Hapa tunafika fasi ngumu, na haitakuwa vizuri kuiruka.

Mwaka 1921, akiwa na miaka 19, Wankel aliingia mu kikundi cha watu wenye kuchukia Wayahudi ku Heidelberg. Mwaka 1922 aliingia mu chama cha Nazi, cha Adolf Hitler, wakati ule chama kikiwa bado kidogo. Serikali ilipokikataza, alianzisha vikundi vya vijana chini ya jina lingine, akawafundisha kutembea usiku na michezo ya kiaskari. Mama yake pia alisaidia kuanzisha chama kile ku Lahr. Mwaka 1926 Felix alirudi mu chama, na mwaka 1928 alipata nafasi ya kuzungumuza na Hitler mwenyewe juu ya ufundi na malezi ya vijana. Mwaka 1931 alipewa uongozi wa vijana wa Hitler mu Baden yote.

Kisha aligombana na mukubwa wa chama mu jimbo, Robert Wagner. Ugomvi wao haukuwa juu ya Wayahudi, wala juu ya wema. Wankel alitaka vijana wafundishwe zaidi kiaskari, na alimushitaki Wagner mbele ya watu kama ni mula-rushwa. Mu mwezi wa 10 mwaka 1932 alifukuzwa mu chama. Hitler alipochukua utawala mwaka 1933, Wagner alipata nguvu na akamutia Wankel mu buloko ku Lahr, tangu mwezi wa 3 mupaka mwezi wa 9. Mwenye kumutosha alikuwa Wilhelm Keppler, mushauri wa Hitler wa mambo ya uchumi, mwenye alikuwa anamupenda juu ya ufundi wake. Hitler mwenyewe alikubali afunguliwe.

Toka pale milango ilifunguka. Mwaka 1934 alifanya kazi na BMW. Mwaka 1936 alipata karakana yake mwenyewe ku Lindau, muji ulioko pembeni ya ziwa Constance, kwa feza ya wizara ya ndege ya serikali ya Nazi. Ile mwaka pia alioa Emma Kirn, hawakupata mutoto. Wakati wa vita, ujuzi wake wa kufunga pumzi uliingia mu moteri za ndege za vita na mu torpedo za maji. Mwaka 1940 aliingia mu SS, jeshi lile la Hitler lenye lilichunga makambi ya mauaji, na cheo kikubwa. Miaka miwili kisha, cheo na uanachama vikaondolewa.

Watu wengine wanasema fundi ni fundi, siasa haimuangalie. Maisha ya Wankel haikubali maneno hayo. Karakana ya Lindau ilijengwa na feza ya vita. Na mbele ya kuwa mukubwa wa moteri, alikuwa mukubwa wa vijana, akiwatayarisha kwa jambo lenye lilimaliza mamilioni ya watu. Akili ya mikono yake haimutoshe ile deni.

Kuanza tena

Mwaka 1945 Ujerumani ilishindwa. Wafaransa waliingia Lindau, wakamufunga Wankel, wakabeba vyuma na mashini zake, na wakamukataza kuendelea na utafiti. Alipotoka, alikuwa na miaka zaidi ya 40, bila karakana na bila feza.

Mwaka 1951 mambo ilibadirika. Kampuni Goetze, yenye kutengeneza segma za pistoni, ilimusaidia kufungua tena nyumba yake ya utafiti ku Lindau. Mwaka ule ule alianza kufanya kazi na NSU, kampuni ya pikipiki na magari ya muji wa Neckarsulm. Mwaka 1954 umbo la rotori ya pembe tatu mu nyumba ya kibuyu likapatikana. Na tarehe 1 mwezi wa 2 mwaka 1957, moteri ya kwanza ikawaka. Ilitoa nguvu ya farasi 21.

Lakini ile ya kwanza haikuwa bado ile tunajua leo. Mu mupango wa Wankel, rotori ilizunguka, na nyumba yake pia ilizunguka. Ilikuwa laini sana na yenye mbio mingi, lakini kubadirisha buji tu ilikuwa kazi ya kufungua moteri. Enjenia wa NSU, Walter Froede, alifanya mabadiliko: nyumba isimame, rotori peke yake izunguke na kuyumba kidogo ndani. Njo moteri yenye iliweza kuingia mu gari ya mutu wa kawaida. Wankel hakufurahi. Aliona wameharibu wazo lake safi. Hata vile, kila moteri ya Wankel yenye iliuzishwa mu duniani inafwata mupango wa Froede. Jina lilibaki la mumoja, kazi ilikuwa ya wengi.

Mu mwezi wa 1 mwaka 1960 moteri ilionyeshwa mbele ya maenjenia ku Munich. Mwaka 1964 NSU ilianza kuuzisha Spider, gari ndogo ya mbio ya rotori moja, ya kwanza mu duniani. Mwaka 1967 ikaja Ro 80, gari kubwa ya rotori mbili, yenye ilichaguliwa kuwa gari ya mwaka 1968 mu Ulaya.

Sifa ilikuwa mingi, lakini vile vipande vya pembe havikudumu. Wanunuzi walirudia na moteri zimekufa mapema, na NSU iliwapa moteri mupya bure, tena na tena, mupaka kampuni ikazaifika. Mwaka 1969 iliingia mikononi mwa Volkswagen. Wenye Ro 80 wengine walifanya kile fundi wa Kolwezi angefanya: walitosha moteri ya Wankel na kutia V4 ya Ford, ju ilikuwa fupi na iliweza kuenea mu ile nafasi.

Hiroshima na Shinkolobwe

Mwenye aliokoa moteri hii hakuwa Mujerumani. Mwaka 1961 kampuni Toyo Kogyo, yenye tunaita leo Mazda, ilipata ruhusa ya kuitengeneza. Toyo Kogyo iko ku Hiroshima.

Jina la muji ule linatugusa sisi watu wa Katanga. Tarehe 6 mwezi wa 8 mwaka 1945, Waamerika waliangusha pale bomba la atomu. Sehemu kubwa ya iraniumu ya kazi ile ilitoka ku Shinkolobwe, karibu na Likasi, mu mugodi wa Union Minière. Baba zetu waliichimba bila kuambiwa itaenda kufanya nini. Kiwanda cha Toyo Kogyo kilikuwa pembeni ya muji, nyuma ya kilima cha Hijiyama, na kilima kile njo kilikiokoa. Kisha bomba, ofisi za jimbo zilipata fasi ndani yake.

Kati ya watu wa kiwanda kile alikuwa enjenia kijana, Kenichi Yamamoto. Dada yake alikufa ku lile bomba. Kisha vita alianza kazi ya chini, kuunga vyuma vya bwati ya vitesi. Mwaka 1963 alipewa uongozi wa idara ya moteri ya rotori, na maenjenia wote pamoja 47. Shida yao ya kwanza ilikuwa mikwaruzo ndani ya ukuta wa moteri, yenye walikuwa wanaita alama za kucha za shetani. Kile kipande cha pembe kilikuwa kinatetemeka kikikimbia, na kinakwaruza. Walijaribu vitu vingi, mupaka wakapata kipande cha kaboni kimechanganywa na aliminiumu, chenye hakikukwaruza. Mu mwezi wa 5 mwaka 1967 Cosmo Sport ilitoka kwenye kiwanda na rotori mbili na nguvu ya farasi 110.

Kisha kulifwata gari mingi, na mwaka 1978 RX-7. Mwaka 1991 Mazda 787B, namba 55, yenye rotori 4, ilishinda mashindano ya saa 24 ku Le Mans mu Ufaransa. Ilikuwa gari ya kwanza ya Japani kushinda pale.

Feza yenye kutoka Afrika

Wankel mwenyewe alikuwa tajiri mbele ya siku ile. Kampuni mingi ya dunia ilinunua ruhusa ya breve zake: Curtiss-Wright ya Marekani mwaka 1958, kisha Wajerumani, Wajapani, Waingereza, Wafaransa. Mwaka 1970 General Motors ilikubali kulipa dola milioni 50.

Mwaka 1971 Wankel aliuzisha kampuni yake, na haki zake ndani, kwa deutsche mark milioni 100. Na nani alinunua? Lonrho. Wazee wetu wenye walifanya safari ya Zambia wanajua jina hilo. Lonrho ilianza mwaka 1909 kuwa kampuni ya migodi na mashamba ya Rhodesia, yenye biro yake ku London, na chini ya Tiny Rowland ilipanua mikono yake mu Afrika yote: migodi, mashamba, magazeti, hoteli. Faida yenye ilikomaa mu udongo wa Afrika ilienda kununua wazo la Mujerumani, ili kuvuna feza ya Wamerika na Wajapani. Mufanyakazi wa mugodi hakuulizwa.

Biashara ile haikuzaa vile walitumaini. Mwaka 1973 bei ya petroli ilipanda mu dunia nzima, na moteri ya Wankel inakunywa esanse mingi. Citroën ilikuwa imetoka kutoa GS Birotor. Iliuzisha gari 847 tu, kisha ikajaribu kuzinunua tena na kuziharibu. General Motors iliacha mupango wake. Mazda peke yake ilibaki na magari yake.

Ile kazi ya kubadirisha moteri

Sasa turudi ku garaji. Juu ya nini 12A inaweza kutoka na 13B ikaingia? Kwa sababu ni ndugu wa tumbo moja. Umbo la rotori ni lile lile, kimo chake ni kile kile. Tofauti ni unene. Rotori ya 12A iko na unene wa milimetri 70, ya 13B milimetri 80. Na kwa sababu kila moteri iko na rotori mbili, 13B inapita 12A kwa urefu wa santimetri 2 tu. Ukubwa wa ndani unatoka 1,146 na kufika 1,308. Mazda yenyewe iliona njia hiyo: mu Marekani, mwaka 1984 na 1985, iliuzisha RX-7 ya umbo la zamani ikiwa na 13B tangu kiwanda.

Hata vile, ndugu wa tumbo moja hawana tabia moja. RX-7 ya kwanza inashika moteri yake kwa mbele, ku kifuniko cha mbele. Zile 13B za tangu 1986 zinashikwa pembeni. Kwa hiyo fundi anatosha kifuniko cha mbele cha ile 12A ya zamani na kukifunga ku 13B, ili moteri ikae fasi yake bila kukata shasi.

Jambo la pili ni uzito. Muti wa katikati uko na vyuma vya kusawazisha, mbele na nyuma, na rotori za miaka mbalimbali haziko na uzito mumoja. Kipande cha nyuma kikibaki cha moteri ya zamani, mutetemo utakula moteri pole pole. Mu moteri ya pistoni kosa kama hilo linasikika haraka. Hapa moteri ni laini, inaweza kukudanganya kwa siku mingi.

Tatu ni mafuta. Moteri hii inachoma mafuta kidogo kwa makusudi. Kuko pompe ndogo yenye kutia mafuta mu chumba cha moto, ili vile vipande vya pembe visisuguane vikavu. Mutu mwenye hajui anaona moshi, anafunga ile pompe, na anafikiri ametengeneza. Ameua. Ukiitosha, unapaswa kuchanganya mafuta mu esanse, kama mu pikipiki za zamani. Na kila mara unapotia esanse, unaangalia kimo cha mafuta pia.

Ine ni esanse na moto. 12A ya kwanza inakunywa ku karburateri, kwa pompe ya nguvu kidogo. 13B ya kisha iko na enjeksio, inataka pompe ya nguvu na kompyuta yake. Ao unatafuta namna ya kuirudisha ku karburateri. Inatosha joto mingi kuliko ya kwanza, kwa hiyo radiateri na kipozeo cha mafuta vinapaswa kuwa safi na vikubwa. Na nguvu ikiongezeka, angalia freni mbele ya kufurahi.

Mwisho, usinunue moteri ya zamani kwa kuisikiliza tu. Kila rotori iko na mbavu tatu, basi kila rotori inatoa hesabu tatu za pumzi. Zipime zote. Mbavu mbili zikiwa zaifu na moja nzuri, kuko kipande cha pembe chenye kimekufa, na feza yako itakufa naye.

Miaka ya mwisho

Wankel alipata heshima mingi akiwa muzee. Mwaka 1969 inivasite ya ufundi ya Munich, yenye hakusoma ndani yake, ilimupa cheo cha daktari wa heshima. Alitumia feza yake ku utafiti wa mashua zenye kuruka juu ya maji. Mwaka 1972 alianzisha zawadi kwa wanasayansi wenye kutafuta namna ya kupunguza mateso ya wanyama mu majaribio. Wengine wanashangaa: mutu mwenye alivaa nguo za SS, moyo wake uliumia juu ya panya na imbwa. Mambo yote mawili ilikuwa ndani ya mutu mumoja, na hatuna ruhusa ya kufuta lenye halitupendeze.

Alikufa tarehe 9 mwezi wa 10 mwaka 1988 ku Heidelberg, na miaka 86. Mazda iliacha kutengeneza RX-8, gari yake ya mwisho ya mbio ya moteri hiyo, mwaka 2012. Watu walisema imekwisha. Lakini mwaka 2023 Mazda ilirudisha rotori moja ndogo mu gari MX-30. Haisukume magurudumu tena. Inazalisha umeme wa kujaza batri. Na Kolwezi tunajua batri za magari ya umeme, kwa maana kobalti yenye inaingia mu zile mingi inatoka chini ya miguu yetu.

Vijana wa magaraji watabeba nini mu historia hii? Kwamba mutu bila diploma aliweza kubisha ku mulango wa maenjenia, kwa sababu alichagua shida moja, ya kufunga pumzi, na hakuiacha miaka 30. Kwamba moteri yake ingekufa bila mikono ya Froede na ya watu wa Hiroshima. Na kwamba feza yenye inakulipa karakana inatoka mukononi mwa mutu, na mutu yule iko na kazi anataka ufanye. Kijana wa Lubudi mwenye kufungua garaji yake anaweza kuuliza jambo hilo mbele ya kuweka kidole ku mukataba. Wankel hakuuliza, ao aliuliza na jibu halikumusumbua.